Trekta ya Kanyangi Haikununuliwa kwa Rangi

Mwanangu Mwikali,

Salamu sikuandikii, kwa sababu uko hapa ng'ambo ya ukuta na ninakusikia ukifungua na kufunga lile sanduku tena na tena. Mambo ya nyumba pia sitayaandika. Kupika unajua, kufua unajua, na kuomba kabla ya kulala nilikufundisha ukiwa bado unatambaa, sasa hilo ni lako wewe na Mungu wako. Ninakuandikia juu ya trekta.

Najua watu wa hapa Kanyangi wakisikia jina langu na neno trekta kwa pamoja, wanacheka. Hata leo, tulipokuwa tumeketi na wageni waliokuja kukuombea safari, baba yako mdogo Mutua alisimama na kikombe chake cha chai akasema, "Mwikali, huko Kalamba umeandikwa kazi ya kuwachagulia wakulima trekta. Sasa tafadhali, usichague kwa rangi kama mama yako na wenzake!" Nyumba nzima ikacheka. Mchungaji alicheka mpaka akaweka sahani chini. Baba yako alicheka, ingawa aliniangalia kwanza. Na wewe ulicheka.

Wewe sikulaumu. Hiyo hadithi umeisikia tangu ukiwa mgongoni, na anayeizoea hadithi hawezi kujua kama ina mtu ndani yake. Aliyenichoma ni Mzee Kimeu. Alikuwa ameketi pale karibu na dirisha, kwenye kile kiti kizuri tunachowekea wazee wa kanisa. Katika chumba chote, ukiniondoa mimi, ni yeye peke yake aliyejua jinsi mambo yalivyokuwa. Sentensi moja tu ingetosha. Alichukua kipande kingine cha kuku akaendelea kutafuna.

Halafu ukanifuata jikoni, ukaanza kunisaidia kuosha masufuria, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwaitu, lakini kweli kweli, mlikosea wapi? Maana hawa watu wa Kalamba, kamati tayari imependa trekta moja. Mwenye kuuza ameahidi kuileta waione ikilima."

Nikakuuliza, "Italetwa lini?"

"Mvua ikishashika. Katikati ya Novemba hivi."

"Na wewe watakuuliza unaonaje?"

"Mwenyekiti amesema mimi niandike tu ripoti kwamba mashine ni nzuri. Ati msichana wa juzi asianze kazi kwa kushindana na wazee."

Sufuria iliniponyoka, uliona. Nikakuambia tutaongea, na sikuongea. Mimi nikiwa na hasira ya namna hii machozi hutangulia maneno, na sikutaka wale watu waliokuwa wakicheka sebuleni wanione nikilia, wakasema nalia kwa sababu mtoto anaondoka. Kwa hiyo chukua hii karatasi, usome ukiwa peke yako.

Wazo lilipoanza wewe hukuwa umezaliwa; trekta ilipokuja ulikuwa unanyonya. Sisi akina mama wa huku tulikuwa na mwethya wetu, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu na kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usiende na maji. Ile mitaro unayoiona ikizunguka kilima chote mpaka kwa shule ni sisi tuliichimba, kwa sepeto na karai, tukiimba. Wanaume wengi walikuwa Mombasa au Nairobi kwa kazi, wengine wakirudi Krismasi, wengine wakituma salamu tu. Tulikuwa tumezoea kufanya mambo bila kungoja mtu.

Aliyeleta wazo la trekta ni Kalunde, yule rafiki yangu ambaye jina lake nilikupa liwe jina lako la pili. Kalunde alikuwa na jozi ya madume ya kulimia ambayo watu walitoka mbali kuja kuyaazima. Lakini alisema jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua na hakuwa amelisema. Ng'ombe wetu ikifika Septemba wamekonda, nyasi zimeisha, wanasimama na mbavu nje. Na Septemba ndiyo tunawahitaji. Wewe umesomea kilimo, hili sikufundishi, lakini waandikie hao wa Kalamba kama wamesahau: huku kwetu mbegu huingia ardhini ikiwa kavu, inalala huko chini ikingoja mvua. Anayengoja mvua inyeshe ndipo aanze kulima, mahindi yake hufika kiunoni na jua limerudi. Sasa wakati ardhi ni ngumu kabisa ndio wakati ng'ombe hawana nguvu kabisa. Kalunde akasema, "Tunataka kitu ambacho hakili nyasi."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Trekta ya kulima udongo mkavu. Ukisahau mengine yote ya barua hii, hilo usisahau, kwa sababu ndilo lililosahauliwa.

Tukaweka pesa zetu za kusuka vyondo na za mbuzi, mwaka mmoja, mwaka wa pili, na kikundi kikatutuma mimi na Kalunde tukaangalie trekta. Sisi tulikuwa na elimu ya darasa la saba, yaani mimi. Kalunde hakuwa na darasa lolote. Majina ya kampuni yalikuwa ya Kizungu na madereva walikuwa wakiyataja kila mtu kwa namna yake. Lakini kampuni hizo zilipaka mashine zao rangi, kila moja rangi yake, na rangi tuliziona. Kwa hiyo tukatembea. Tulienda kwenye kiwanda cha pamba, tukaenda kwa watu wa barabara, tukafika mpaka Kwa Vonza, kwenye yale mashamba makubwa. Hatukuuliza ipi ina nguvu zaidi. Tuliuliza ipi ni nzee na bado inafanya kazi.

Kwa Vonza tulimkuta dereva mmoja akilima vumbi, jua la saa saba, kwa trekta kuukuu ya bluu ambayo kiti chake kilikuwa gunia. Kalunde akasimama mbele ya mashine mpaka yule kijana akalazimika kuizima.

"Mama, unataka kununua au unataka kuolewa?"

"Nikitaka kuolewa nitatafuta mwenye meno yote," Kalunde akamjibu. "Wewe niambie, hiki kitu chako kikivunjika unakipeleka wapi?"

Kijana akacheka. "Sikipeleki popote. Nachukua baiskeli, naenda Kitui dukani, narudi jioni na spea. Fundi yeyote anaijua hii."

"Na ile ya rangi ya chungwa, ile mpya?"

"Ile ni nzuri. Inang'aa. Lakini mwenye nayo hapa jirani anangoja kitu fulani kutoka Nairobi tangu wakati wa mbaazi."

Tukauliza hivyo kila mahali. Trekta zilizokuwa zikilima Septemba nyingi zilikuwa za bluu. Zile nyingine, nyingi zilikuwa zimepanguswa zikang'aa, na zimesimama. Tukarudi nyumbani tukiwa na miguu imejaa vumbi na jibu letu mkononi. Sijui kama kuna mwanakamati wa siku hizi anayetembea hivyo kabla ya kununua kitu.

Sasa, akiba yetu haikutosha bila mkopo, na wakati ule karatasi za mkopo zilihitaji sahihi ya mwanamume. Tukamwomba Mzee Kimeu awe mlezi wa kikundi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, anajua Kiingereza, na sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Aliitisha mkutano kanisani, wakaja pia wanaume waliokuwa likizo. Akauliza akina mama wameona nini. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikasema, "Sisi tunaomba tununue ile ya bluu, kwa maana..."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Na viatu vya bluu pia, vifanane na lesso!" Mwingine akasema, "Muulizeni kama anataka na maua!" Nikangoja wanyamaze. Hawakunyamaza. Mzee Kimeu akagonga meza, akaniambia kwa upole, upole kabisa, "Asante mama, keti, tumekusikia."

Hawakuwa wamenisikia, Mwikali. Walisikia neno bluu. Yaliyokuwa baada ya "kwa maana" hayajasikiwa na mtu mpaka leo, na wewe ndiwe wa kwanza kuyasoma.

Halafu akaja yule mtu wa kampuni ya ile ya rangi ya chungwa. Alikuja Novemba, mvua imenyesha vizuri, nchi yote kijani. Kijana mtanashati, anajua kuongea na watu wa kanisa. Akaanza kwa maombi, akatuimbisha wimbo, ndipo akaipeleka mashine shambani. Na unajua ni shamba gani walimpeleka? Lile la Mzee Kimeu la kule chini karibu na mto, lenye udongo mweusi. Mvua imelilowesha hata ukiweka kidole kinazama. Plau ikaingia kama kisu kwenye muthokoi ulioiva, yale mahindi yetu ya kukoboa. Watu wakashangilia, watoto wakakimbia nyuma ya magurudumu. Nami nilipiga vigelegele, kwa nini nikufiche. Ilikuwa kitu kizuri kutazama.

Kalunde peke yake alisema. Alisimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni. "Hapa hata mimi na jembe langu nitalima nikiwa nimelala! Ipelekeni kule juu kwangu kwenye mawe mekundu, mwezi wa tisa!"

Yule kijana wa kampuni akacheka vizuri sana. "Mama, una maneno wewe! Nitakuzawadia kofia." Akamvika kofia ya kampuni kichwani, juu ya kitambaa, na watu wakapiga makofi. Kalunde alibaki amesimama pale na hiyo kofia.

Huwa ninafikiria sana lile jambo la kofia. Swali lilikuwa zuri, na lilijibiwa kwa zawadi na makofi. Angekuwa ni mwanamume aliyeuliza wangemtukana labda, lakini wangemjibu.

Mimi nilimwendea Mzee Kimeu baadaye, nje ya kanisa, nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee, tungeiona kwanza ikilima pakavu. Na tuulize spea zake zinauzwa wapi." Akaweka mkono begani kwangu. "Mama Mwikali, tuwe na imani. Yesu alimwambia Petro atembee juu ya maji, hakumwambia apime kina." Nikaondoka. Nikimpinga ni kama ninampinga Petro. Mpaka leo neno hilo hunijia ninapopepeta kunde. Mimi ninaamini, mwanangu. Nimemwomba Mungu mvua, na nimemwomba uhai wako ulipougua surua, na amenisikia. Lakini kumtaja Mungu ili mwanamke asiulize duka la spea liko wapi, hiyo si imani. Hiyo ni kumfanya Mungu mlinzi wa mlango wa ofisi.

Basi ikanunuliwa. Na kwa sababu trekta imekuja, na pesa bado zilikuwa zimepungua, Kalunde akauza madume yake akaongezea. Na wengine waliokuwa na ng'ombe wa kulimia nao wakauza. Nani angelisha ng'ombe wa kazi na mashine ipo? Hapo ndipo penye maumivu yangu makubwa, kuliko rangi, kuliko kicheko. Hatukubakiza hata jozi moja.

Ikawekwa wakfu kanisani, imefungwa lesso na maua, ikapita katikati ya watu. Septemba ikafika. Tukaanza kwa Kalunde, kwenye mawe mekundu. Trekta ikainua pua kama ng'ombe anayekataa nira, plau ikawa inakwaruza tu juu juu. Dereva akaongeza moto. Akaongeza tena. Siku ya tatu au ya nne maji yakaanza kumwagika chini yake, na ikazima.

Sasa nitakuambia jambo ambalo kwenye hadithi ya sokoni halimo. Tulikuwa na fundi karibu. Salim, yule wa Kitui mjini ambaye babu zake walitoka pwani, aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga za eneo lote. Kalunde akasema aitwe siku hiyo hiyo. Wazee wakakataa. Wakasema trekta imewekwa wakfu mbele ya madhabahu, haiwezi kufunguliwa na mtu wa imani nyingine. Kwanza tufunge na tuombe. Tukafunga. Mimi nikinyonyesha, nilifunga. Mzee Kimeu aliweka mikono juu ya boneti akaikemea roho ya uharibifu kwa sauti mpaka akakauka koo. Wiki mbili zikaenda hivyo, Mwikali, wiki mbili za Septemba, na ardhi haijaguswa.

Mwishowe mimi na Kalunde tukamleta Salim wenyewe, bila ruhusa. Akavua kanzu, akalala chini ya mashine, akatoka na mafuta usoni. Nikamwambia kwa aibu kwa nini tulichelewa kumwita. Akajipangusa mikono polepole. "Mama, pampu ya maji haina dini. Imepasuka tu."

"Utaitengeneza?"

"Hii haitengenezwi, inabadilishwa. Kitui haipo. Machakos nitauliza, lakini sidhani." Akaiangalia tena ile trekta, na sikusahau alivyosema, kwa sababu hakuisema vibaya. "Mashine yenyewe si mbaya. Ningekuwa Nairobi ningeichukua. Nyinyi ndio mko mbali nayo."

Hakutaka malipo yoyote. Alikunywa uji akaenda zake.

Pampu ilipofika, mvua ilikuwa imeanza na iko karibu kuisha. Tulikuwa tumeshika majembe tukalima kwa mikono, kila mtu kipande alichoweza, tope mpaka magotini, tukipanda nyuma ya wakati. Mahindi yakarefuka, yakaweka mbelewele, jua likarudi. Tulivuna majani. Mwaka ule tulipanga foleni ya unga wa msaada. Kalunde hakuwa na mume wa kutuma kitu kutoka Mombasa, na hakuwa na madume tena ya kuazimisha watu ili wampe debe la mahindi. Alihamia kwa kaka yake huko Tana, na shamba lake likachukuliwa na vichaka. Mitaro aliyoichimba mwenyewe ilibomoka kwa sababu hakuna wa kuitengeneza.

Halafu Bwana D.O., yule afisa wa tarafa, akafanya baraza. Akauliza kwa nini kikundi hiki kimepata trekta na bado kinaomba unga. Mzee Kimeu akasimama. Nilikuwa mstari wa mbele, nimekupakata. Akatabasamu kidogo, akasema, "Bwana, unawajua akina mama. Walipenda rangi."

Watu wakacheka, D.O. akacheka, mkutano ukaendelea na mambo ya ng'ombe.

Nilikaa. Hilo ndilo kosa langu, na ninataka ulijue kutoka kwangu mimi. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na ukweli, na nilikaa, kwa sababu nilifundishwa kwamba kumkosoa mzee wa kanisa mbele ya serikali ni kiburi. Nilifikiri watasahau. Watu hawasahau kitu kinachowachekesha. Kila kikundi cha akina mama hapa kikitaka kununua kitu, hata mashine ya kushonea, kuna mtu atasema, "Angalieni wasinunue rangi." Wanawake wengi zaidi wamenyamaza kwa ajili ya neno hilo kuliko wale waliokuwa kwenye kikundi chetu. Na trekta ya bluu tuliyoiomba haijawahi kuguswa na mkono wetu hata siku moja!

Niliwahi kumwambia baba yako twende kwa Mzee Kimeu aseme kweli. Akaniambia, "Mama Mwikali, hayo yalishapita. Mzee ameshazeeka." Baba yako ni mtu mwema anayependa amani. Lakini nimeona kwamba mambo yanayopita bila kusemwa huwa hayapiti. Yanavuka tu mto Athi, yanamngoja mtoto wako Kalamba, mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imeshika.

Sasa uliniuliza aina gani. Ukweli ni kwamba sijui. Usiende huko ukasema bluu kwa sababu mama yako alisema bluu. Lile duka la Kitui lililokuwa likiuza spea zake lilifungwa zamani, na madereva waliobaki nazo sasa wanahangaika kama sisi tulivyohangaika. Inawezekana ile ya chungwa leo ina duka Makueni na fundi wa kila soko. Hicho ndicho kitu wauzaji hawatakuambia, kwamba uzuri wa trekta hauko kwenye chuma peke yake, na jina lililokuwa zuri kwa baba linaweza kumtesa mwana. Itabidi utembee wewe mwenyewe. Zunguka Kalamba na kote huko, Septemba hii hii kabla mvua haijanyesha, utafute zile nzee zinazofanya kazi na zile zilizosimama, na uulize kila moja ilisimama kwa sababu gani. Ongea na dereva, usiongee na mwenye shamba; mwenye shamba ataitetea pesa yake.

Na huyo muuzaji mwambie ailete sasa. Asilete Novemba. Ailete wiki hii au ijayo, na muipeleke juu mlimani kwenye shamba baya kuliko yote ya mwanachama maskini kuliko wote. Ikikataa hapo, imekataa. Akisema gari lake limeharibika, au bosi yuko safarini, basi umeshapata jibu lako bila kulima hata mstari mmoja.

Hilo la ng'ombe nakusihi kwa magoti. Mtu yeyote asiuze madume yake mpaka mashine imepita misimu miwili ya kiangazi ikiwa hai. Watakuambia wewe ni wa nyuma, umesomea kilimo cha kisasa halafu unatetea nira. Waache waseme.

Najua unaogopa kazi. Ni kazi yako ya kwanza, na umeipata kwa shida, na mwenyekiti amekwambia uandike ripoti kwamba mashine ni nzuri. Sikwambii haitakugharimu. Inaweza kukugharimu. Ukifukuzwa kwa kuuliza, rudi hapa, utakula tunachokula na hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiweka jina lako chini ya mashine ambayo hukuiona ikilima pakavu, na mwanamke kama Kalunde akauza madume yake kwa sababu ya jina lako, utarudi hapa pia na mlango utakuwa wazi, ila sitakuwa na neno la kukufariji. Nimejaribu miaka hii yote kulitafuta hilo neno kwa ajili yangu mwenyewe, sijalipata.

Kesho Mchungaji atakuombea upate kibali machoni pa watu. Ni maombi mazuri, sema amina. Mimi nimekuombea jambo lingine: uweze kuvumilia kukasirikiwa na wazee wa watu mchana mmoja mzima, bila kukaa chini.

Na siku ya kuijaribu hiyo mashine uniandikie. Nauli ninayo, ya vyondo, na baba yako nimeshamwambia nitasafiri, akaguna tu. Nitakaa upande wa akina mama wa Kalamba, nyuma kabisa. Ukiniona usije kunisalimia. Uliza kwanza maswali yako yote. Tutasalimiana mashine ikishazimwa.

Mama yako anayekupenda,
Mama Mwikali